Giza la Kupanga na Giza la Bahati Mbaya: Jinsi Picha Inavyosimulia Katika Tamthilia za Taharuki

Lalamiko linalosikika mara nyingi kuhusu tamthilia za taharuki, ziwe zimetoka Ulaya, Marekani, Korea Kusini au zimetengenezwa hapa hapa Dar es Salaam, ni kwamba zina giza mno na mtazamaji haoni kinachoendelea. Lalamiko hilo lina haki yake, lakini linachanganya mambo mawili yasiyofanana. Lipo giza lililopangwa, ambalo ndani yake mwongozaji na mpiga picha wamekwisha kuamua kitu gani kionekane, kwa kiasi gani na kwa muda gani. Lipo pia giza lililotokea tu, kwa sababu taa hazikutosha, au kwa sababu picha iliharibika njiani kati ya chumba cha uhariri na kioo cha simu ya mtazamaji. Asiyetofautisha giza hili na lile ataishia kusifu picha mbovu kwa kuidhania ya kisanii, au kuitupa kazi nzuri kwa kosa ambalo si lake.

Kazi ya kwanza ya picha katika tamthilia ya namna hii ni kugawa habari: nani anajua nini, na kuanzia wakati gani. Hofu, wasiwasi na ile hali ya mtu kukaa kwenye ncha ya kiti hutokana na mgawo huo kuliko zinavyotokana na damu au mayowe. Alfred Hitchcock, mwongozaji wa filamu za taharuki, katika mazungumzo yake marefu na mwongozaji mwenzake François Truffaut mwaka 1962, alilieleza jambo hili kwa mfano wa bomu lililofichwa chini ya meza. Watu wawili wameketi wanazungumza mambo ya kawaida. Bomu likilipuka bila mtazamaji kulijua, atashtuka kwa sekunde 15 na mambo yataishia hapo. Akiwa ameonyeshwa bomu mapema, na anaiona saa ukutani, mazungumzo yale yale yatamweka roho juu kwa dakika 15 nzima.

Mfano huo una jambo ambalo wengi hulipita. Ili taharuki ifanye kazi, bomu lazima lionekane vizuri, na mtazamaji asiwe na shaka hata kidogo kwamba amelitambua. Kwa hiyo, hata katika tamthilia iliyojaa giza, kitu kinachobeba hatari mara nyingi ndicho kilichoangazwa kwa uangalifu kuliko vingine vyote, na giza limewekwa pembezoni ili jicho lisiwe na pengine pa kwenda. Tukio ambalo kila kitu ndani yake kimezama gizani kwa kiwango kimoja halijaficha siri yoyote, limeshindwa kusema.

Mafundi wa taa hupima uhusiano kati ya mwanga mkuu, unaompiga mhusika kutoka upande mmoja, na mwanga wa kujazia, unaopunguza ukali wa vivuli upande wa pili. Katika kipindi cha vichekesho tofauti kati ya pande hizo ni ndogo, na uso wote unasomeka. Katika tamthilia ya giza, upande ulioangazwa unaweza kupokea mwanga mara 8 au zaidi ya upande ulio kivulini, na hapo ndipo nusu ya uso hupotea, ikabaki ile ambayo mhusika ameamua kuwaonyesha wenzake. Jicho la binadamu hutambua weusi kwa kulinganisha, hivyo fundi mzuri huacha mahali fulani kwenye fremu pawe na mwanga mkali kidogo, kama dirisha la mbali, sigara inayowaka au ukingo wa glasi, na kwa sababu ya doa hilo vivuli vilivyobaki huonekana vizito. Mara nyingine hulazimika kutundika vitambaa vikubwa vyeusi upande wa pili wa mhusika ili vimeze mwanga unaorudi kutoka ukutani. Giza zuri lina gharama, lina vifaa na lina watu wanaolitolea jasho, jambo ambalo watayarishaji wanaodhani kwamba kupiga picha usiku ni kupunguza bajeti ya taa wanapaswa kulijua mapema.

Mbinu hizi hazikuanza na runinga. Katika Ujerumani ya miaka ya 1920 zilitengenezwa filamu ambazo vivuli vyake vingine vilichorwa kwa rangi kwenye kuta za seti, na baada ya mwaka 1933, Hitler alipoingia madarakani, wengi wa wasanii wa mkondo huo walikimbilia Marekani wakiwa na ujuzi wao. Kufikia mwaka 1946 wahakiki wa Paris walikwisha kuzitambua filamu za upelelezi za Marekani zenye vivuli hivyo kuwa kundi la peke yake. Runinga ilizirithi baadaye, hasa kamera za dijitali zilipoanza kuona vizuri kwenye mwanga hafifu.

Hapa linakuja swali linalotuhusu sisi moja kwa moja. Tamthilia za upelelezi za Denmark na Uswidi, zilizopata watazamaji duniani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, zilieneza sura fulani ya hofu: rangi ya buluu iliyopauka, anga la kijivu, watu waliovaa makoti mazito chini ya mwanga usioleta joto. Sura hiyo ina sababu yake ya kijiografia. Katikati ya Desemba, jua la saa 6 mchana mjini Copenhagen hupanda nyuzi 11 hivi tu juu ya upeo wa macho, na mwanga wake hupita katika miji ukiwa umelala, ukitupa vivuli virefu hata adhuhuri. Mwangaza wa jioni nao hukawia. Katikati ya mwaka hukaribia kudumu saa nzima baada ya jua kuzama. Wapiga picha wa huko hawakuibuni huzuni hiyo ya rangi. Waliikuta nje ya mlango, wakaikoleza.

Dar es Salaam iko takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na mwanga wake unafuata sheria nyingine kabisa. Jua huzama baada ya saa 12 na kabla ya saa 1 jioni mwaka mzima, na mwanga wa magharibi hudumu dakika 20 na ushei tu kabla giza halijaingia. Mwongozaji anayetaka tukio refu la machweo hana budi kuligawa kwa siku kadhaa, au kuliandika upya liwe fupi. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri hupita juu kabisa ya utosi. Wapiga picha wengi hulikimbia jua la saa 6, wakisema linaharibu nyuso, kwa kuwa macho huzama ndani ya vivuli vya nyusi na mtu haonekani anawaza nini.

Lakini kutoonekana mtu anawaza nini ndicho hasa tamthilia ya taharuki inachokitafuta. Katika filamu ya The Godfather ya mwaka 1972, mpiga picha Gordon Willis aliziweka taa juu ya kichwa cha Marlon Brando ili macho ya mzee yule yabaki gizani na watu wasiweze kumsoma, na wapo waliomlaumu wakati huo kwa kuyaficha macho ya mwigizaji mkubwa kiasi kile. Kile ambacho Willis alikijenga kwa taa, jua la Kariakoo linakitoa bure katikati ya mchana. Mtu anayetoa vitisho kwa sauti ya upole mbele ya duka la vitenge, watu wakipita na mikokoteni, jua likimpiga utosini na macho yake yakiwa mashimo mawili meusi, anatisha kuliko mtu yule yule aliyewekwa kwenye ghala lenye taa ya buluu. Naamini tamthilia yetu ya giza itakayokumbukwa itakuwa na matukio mengi ya mchana kweupe.

Usiku wetu pia una namna yake, na unastahili kutazamwa kwa karibu. Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mfanyabiashara yuko peke yake sebuleni kwake Manzese anahesabu mauzo, na umeme unakatika. Dalili ya kwanza si giza peke yake. Feni inapunguza kasi, inazunguka mara chache zaidi na kusimama, na zile kelele ambazo sikio lilikwisha kuzizoea zinaondoka kwa pamoja. Anawasha tochi ya simu. Tochi hiyo inaangaza mbele yake na kumwacha yeye mwenyewe gizani, kwa hiyo uso wake utaonekana tu kwa mwanga unaorudi kutoka ukutani. Ukuta uliopakwa chokaa utamrudishia mwanga mweupe laini. Ukuta uliopakwa rangi ya mafuta ya kijani hadi usawa wa kifua, kama ilivyo katika nyumba nyingi za kupanga, utamrudishia rangi ya mgonjwa. Nje inapita bajaji, na taa yake inaingia kupitia nondo za dirisha, inatembeza mistari ya vivuli ukutani kutoka kushoto kwenda kulia, kisha inatoweka. Katika sekunde hizo mbili, karibu na mlango, vinaonekana viatu vya mwanamume.

Mpangilio wa nani anaviona viatu hivyo ndio unaoamua hadithi. Mama akiwa ameupa mlango mgongo na sisi tukaviona, tutakaa tukimwombea ageuke, na kila noti anayoihesabu itakuwa mzigo kwetu. Kamera ikibaki usoni pake, macho yake yakatua mahali ambapo sisi hatujaonyeshwa, tutakuwa tumenyimwa habari aliyo nayo, na udadisi utachukua nafasi ya hofu. Tukiviona pamoja naye, tutashtuka wote mara moja na hadithi italazimika kusonga mbele papo hapo. Viatu, chumba na bajaji ni vile vile katika hali zote tatu. Kilichobadilika ni mahali kamera iliposimama na upande mama alioelekea. Hakuna aliyetamka neno. Nalisisitiza hili kwa sababu sehemu kubwa ya kazi zetu bado inaweka habari zote mdomoni mwa wahusika, waliokaa kwenye makochi chini ya mwanga uliosambaa sawasawa, wakielezana mambo ambayo wao kwa wao wanayajua tayari.

Suala la ngozi haliwezi kuachwa nje ya mjadala wa giza. Kwa miongo kadhaa kampuni ya Kodak ilitumia picha za sampuli zenye mwanamke wa Kizungu kuwa kipimo cha rangi sahihi katika maabara za kusafishia picha, na filamu zenyewe hazikuandaliwa kuzingatia ngozi nyeusi. Urithi wa mazoea hayo unaonekana hata leo pale fundi anapoona sura nyeusi inazama kwenye kivuli, akaongeza taa kali kutoka mbele. Matokeo yake ni paji la uso linalong'aa kama sahani, ukuta wa nyuma uliochomwa na mwanga, na giza la tukio lote kuvunjika. Ngozi nyeusi hupigwa picha vizuri zaidi kwa kutumia mng'ao wake: chanzo cha mwanga kiwe kipana, kama shuka jeupe au ubao mweupe uliogeuziwa taa, kisha kisogezwe pembeni au nyuma kidogo ya mhusika, ili kionekane kama mstari unaofuata shavu, taya na bega. Mpiga picha Ava Berkofsky, aliyefanya kazi kwenye tamthilia ya Kimarekani Insecure, ameeleza hadharani kwamba hutegemea mbao nyeupe za kurudisha mwanga pamoja na mafuta mepesi usoni mwa waigizaji, ili ngozi irudishe mwanga badala ya kuumeza. Kwa njia hiyo uso unaweza kubaki gizani kwa kipimo na bado tukaona jasho likitoka juu ya mdomo. Jijini Dar es Salaam, kwenye joto na unyevu wa Februari, jasho hilo halihitaji kutafutwa, na msanii wa vipodozi anayelifuta kwa poda kila baada ya shoti anaondoa mwanga wa bure.

Rangi inafuata kanuni hiyo hiyo ya kutazama kilichopo kabla ya kuazima. Rangi ya mwanga hupimwa kwa Kelvini, na namba ikipanda mwanga huelekea buluu. Mwanga wa mshumaa au koroboi uko karibu na Kelvini 1,900 na huonekana wa rangi ya chungwa iliyokolea. Balbu za zamani za studio ziko kwenye 3,200. Mwanga wa mchana ni takriban 5,600. Mtaa mmoja wa Sinza usiku una vyote hivi kwa pamoja: tyubu nyeupe yenye ubaridi kwenye banda la chipsi, moto wa mkaa wa muuza mishikaki, taa nyekundu za nyuma za daladala, na kioo cha simu kinachompaka kijana buluu kidevuni. Mtindo wa kuipaka picha nzima rangi moja wakati wa kurekebisha rangi unaifuta tofauti hiyo, na tofauti hiyo ingeweza kutueleza nani yuko salama na nani yuko wazi. Los Angeles ilipoanza mwaka 2009 kubadilisha taa za barabarani kutoka zile za manjano ya sodiamu kwenda za LED, sura ya usiku wa jiji lile katika filamu ilibadilika. Usiku wa kila mji una tarehe yake, na mpiga picha makini anajua anapiga usiku wa mwaka gani.

Kuhusu fremu na lenzi naweza kuwa mfupi. Lenzi ndefu humbana mhusika kwenye umati na kumfanya aonekane anatazamwa. Lenzi pana humwacha mdogo ndani ya chumba. Nafasi tupu nyuma ya mgongo wa mtu huleta wasiwasi kwa sababu mtazamaji huanza kuijaza mwenyewe. Shoti isiyokatwa humnyima mtazamaji mlango wa kutokea: katika sehemu ya nne ya msimu wa kwanza wa tamthilia ya Kimarekani True Detective, wa mwaka 2014, mwongozaji Cary Joji Fukunaga aliufunga uvamizi mzima wa nyumba katika shoti moja ya takriban dakika sita, na sehemu kubwa ya msisimko wake inatokana na kwamba hatupewi nafasi ya kupumua.

Tamthilia ya mfululizo ina nguvu moja ambayo filamu ya saa mbili haina, nayo ni kurudia. Mahali panapoonekana mara 8 katika msimu hujenga kumbukumbu, na mabadiliko madogo mahali hapo huwa habari kubwa. Bron, tamthilia ya mwaka 2011 iliyotengenezwa na Uswidi pamoja na Denmark, inaanzia kwenye daraja la Øresund, lenye urefu wa karibu kilomita 8 na lililofunguliwa mwaka 2000. Taa za daraja zinazimika, na zinapowaka maiti imelazwa juu ya mstari wa mpaka wenyewe, nusu nchi hii na nusu nchi ile. Mgogoro wa hadithi nzima, yaani askari wawili wa nchi mbili wanaolazimika kufanya kazi pamoja, umeelezwa na mahali kabla hawajakutana. Kila mara daraja hilo linaporudi kwenye skrini, linakuja na mzigo wa usiku ule.

Sisi tuna Kigamboni. Mhusika anayevuka asubuhi kwa pantoni la Magogoni katika sehemu ya kwanza, akiwa amebanwa kati ya baiskeli, matenga ya samaki na wanafunzi, amefichwa na umati. Katika sehemu ya nne anavuka kwa pantoni hilo hilo usiku, sitaha ikiwa karibu tupu, na maji meusi yanaonekana kwa mara ya kwanza. Katika sehemu ya saba anapita kwa gari kwenye Daraja la Nyerere, lenye mita 680, akiwa kwenye kiti cha nyuma na dirisha limefungwa. Mtazamaji amekwisha kuelewa kwamba mtu huyu amepanda ngazi na ameondoka kwa watu wake, pasipo mtu yeyote kulitamka. Ili hilo liwezekane, uamuzi wa kuonyesha kivuko unapaswa kuwa kwenye skripti tangu mwanzo, na waongozaji wa sehemu zote wakubaliane kamera isimame wapi. Misimu mingi hugawanywa kwa waongozaji kadhaa, na pasipo makubaliano ya namna hiyo kila mmoja huja na giza lake.

Sauti ni sehemu ya picha hiyo hiyo kuliko watu wanavyodhani. Jenereta la jirani, kunguru juu ya bati, feni iliyonyamaza: vyote hivi humweleza mtazamaji ukubwa wa chumba na umbali wa msaada. Kwa sababu hiyo tamthilia za kigeni zinazotafsiriwa kwa sauti ya msimulizi mmoja anayeongea juu ya kila kitu, pamoja na mvuto wake mkubwa mitaani, hupoteza kitu cha thamani katika matukio ya kimya. Msimulizi akijaza ukimya kwa maelezo, anaigawa upya habari ambayo mwongozaji alikuwa ameizuia.

Limebaki lile giza la bahati mbaya, na hapa mtazamaji wa Dar es Salaam yuko mahali pagumu zaidi. Mwezi Aprili 2019 kipindi cha vita vya usiku cha tamthilia ya Game of Thrones kilizua malalamiko dunia nzima kwamba hakionekani, na mpiga picha wake, Fabian Wagner, aliitetea kazi yake akisema kwamba picha ilipigwa ilivyokusudiwa na kwamba tatizo liko katika namna inavyofika na kutazamwa nyumbani. Maelezo ya kiufundi yanamuunga mkono kwa sehemu. Picha ya kawaida ya dijitali ina ngazi 256 kwa kila rangi ya msingi kati ya weusi na weupe, na tukio la giza hutumia zile chache za chini. Picha inapobanwa ili ipite kwenye intaneti, programu ya kubana huhesabu kwamba maeneo meusi yenye tofauti ndogo hayana umuhimu na huyatupa kwanza. Ukuta uliokuwa na kivuli laini hugeuka miraba na mistari. Anayetazama kwa bando kidogo, kwenye ubora wa chini, ndani ya basi la mwendokasi saa 9 alasiri huku mwanga wa dirishani ukiangukia kioo cha simu, hapati hata nusu ya kilichopigwa.

Kumwambia mtazamaji huyo azime taa na anunue runinga kubwa si jibu, kwa kuwa watazamaji wetu walio wengi wako kama yeye. Mrekebisha rangi anayefanya kazi kwa ajili yake anaweza kuweka mezani, kando ya kioo chake cha gharama, simu ya bei nafuu yenye mwanga uliopunguzwa hadi nusu, aitazame kila sehemu humo ikiwa imebanwa kwa ubora wa chini kabisa utakaorushwa, na kujiuliza swali moja kwa kila shoti: je, viatu vile mlangoni vinaonekana? Visipoonekana, ukingo wake mmoja uongezewe mwanga kidogo, na chumba kilichobaki kiachwe kama kilivyo.